Kippie Moeketsi na Wenzake: Saksafoni ya Johannesburg katika Enzi ya Vipande

Neno jazz limetumika katika Afrika ya Mashariki kwa namna ambayo mwenyeji wa New Orleans angeshangazwa nayo. Dar es Salaam Jazz Band iliyoanzishwa mwaka 1932, Morogoro Jazz ya mwaka 1944, Kilwa Jazz, Western Jazz, Jamhuri Jazz ya Tanga, na kwa upande wa Kenya Shirati Jazz ya Daniel Owino Misiani, zote zilijiita hivyo, wala hapana hata moja kati yao iliyoshughulika na jazi kwa maana ya Kimarekani. Katika majina hayo neno lilimaanisha bendi ya dansi yenye ala za kisasa, na tena lilidokeza kwamba wenye bendi ni watu wa mjini, waliovaa vizuri na wasiotaka kuitwa washamba. OK Jazz ya Leopoldville, iliyoundwa mwaka 1956, ilifuata desturi iyo hiyo.

Katika miji ya Afrika ya Kusini mambo yalikuwa tofauti kidogo. Huko neno hilo lilibeba maana zote mbili kwa wakati mmoja. Lilikuwa jina la muziki wa kuchezwa, ambao watu walilipa kiingilio wapate kutoa jasho mpaka alfajiri. Na lilikuwa pia jina la muziki wa kusikilizwa, ambao mpigaji wake alijipima kwa Charlie Parker na Duke Ellington. Wanamuziki walewale walipiga aina zote mbili, mara nyingi katika usiku mmoja. Mvutano kati ya maana hizo ndio unaoeleza, kuliko kitu kingine chochote, maisha ya mpuliza saksafoni Jeremiah Morolong Moeketsi, aliyejulikana kwa jina la Kippie. Walioandika habari zake wamependelea kueleza maisha hayo kwa chupa. Makala haya yanashika njia nyingine, nayo ni kumtazama mtu huyu akiwa kati ya wenzake.

Moeketsi alizaliwa Johannesburg tarehe 27 Julai 1925, katika nyumba ya wanamuziki. Ndugu yake Jacob alikuwa mpiga piano wa Jazz Maniacs, bendi kubwa iliyosifiwa kuliko nyingi katika vitongoji vya Waafrika, iliyoanzishwa katika miaka ya 1930 na Solomon Cele, ambaye watu walimwita Zulu Boy. Kwa hiyo Kippie hakuikuta jazi kwenye santuri peke yake; aliikuta nyumbani, ikiwa kazi ya kaka. Alianza na klarineti, akajifundisha mwenyewe, kisha akashika saksafoni ya alto. Inafaa kukumbuka kwamba hapakuwa na chuo cha muziki kilichomfungulia mlango kijana Mwafrika wa Johannesburg aliyetaka kupuliza ala hiyo. Chuo kilikuwa bendi. Aliyejua kusoma noti aliwafundisha wasiojua, na aliyekuwa na sikio jepesi alinakili tungo za Wamarekani kutoka kwenye santuri, sehemu kwa sehemu, akawagawia wenzake.

Muziki ambao vijana hawa waliukuta mjini ulikuwa marabi. Huu ulizaliwa katika nyua za mabanda ya Doornfontein na mitaa mingine ya maskini katika miaka baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ambako akina mama walipika pombe na kuuza, na mpiga kinanda alikaa kwenye kona akizungusha mfululizo mmoja wa sauti tatu bila kukoma, usiku kucha. Asili ya neno marabi inabishaniwa. Wengine hulihusisha na mtaa wa Marabastad wa Pretoria, wengine na kitenzi cha Kisotho chenye maana ya kurukaruka huku na huko. Jambo lisilobishaniwa ni kwamba wasomi wa Kiafrika na watu wa kanisa waliudharau muziki huo, kwa kuwa ulinuka pombe, na bendi kubwa zilipoanza kupata heshima zilijaribu kuuficha ndani ya mavazi ya Kimarekani. Hawakufaulu kuuficha. Hata katika tungo zilizonakiliwa kwa uangalifu kutoka kwa Glenn Miller au Count Basie, mzunguko wa marabi ulirudi wenyewe kila mara wacheza dansi walipochoka na ugeni. Mchanganyiko huo baadaye ukaitwa mbaqanga, neno la Kizulu linalotaja chakula cha unga wa mahindi, chakula cha kila siku cha mtu asiye na kitu. Wanamuziki waliolipachika jina hilo walikuwa na kejeli ndani yake: hii ndiyo kazi inayotupa ugali, waweza kuidharau ukitaka.

Majina ya muziki wa mjini huo yanastahili uchunguzi wa wanaisimu zaidi kuliko yaliyopata. Mfano mmoja watosha. Muziki wa filimbi za bati uliopigwa na vijana barabarani katika miaka ya 1950 ulikuja kuitwa kwela. Katika lugha za Kinguni khwela ni kupanda, na gari la polisi lililobeba waliokamatwa liliitwa kwela-kwela, kwa sababu ya amri iliyotolewa mlangoni pake. Mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapa, maana kitenzi chenyewe anacho: ni kukwea. Amri ya askari imegeuka kuwa jina la dansi, na dansi ikavuka bahari, kwani wimbo wa filimbi uitwao Tom Hark ulipendwa sana Uingereza mwaka 1958. Mwaka huohuo Spokes Mashiyane, aliyekuwa bingwa wa filimbi, alichukua saksafoni katika chumba cha kurekodia, na tangu hapo makampuni ya santuri yakaacha kutafuta filimbi, yakatafuta saksafoni. Santuri hizo ziliuzwa kote kusini na mashariki ya Afrika, na mdundo wake ulisikika katika gita za Nairobi za miaka ya 1960.

Turudi kwa Moeketsi. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alikuwa katika Harlem Swingsters, pamoja na Todd Matshikiza kwenye piano na Gwigwi Mrwebi na Ntemi Piliso kwenye saksafoni. Jina la bendi hiyo lajieleza lenyewe. Baadaye alikuwa katika Shantytown Sextet, ambayo iliongozwa na mpuliza saksafoni ya tenori Mackay Davashe na ikawasindikiza waimbaji wa Manhattan Brothers. Kisha katika Jazz Dazzlers, ambayo kwa sehemu kubwa ilikuwa ya watu haohao. Mtafiti akijaribu kuchora orodha ya bendi za Johannesburg kati ya 1945 na 1960 atagundua upesi kwamba majina ya bendi ni mengi lakini wapigaji ni wachache. Bendi ilivunjika kwa sababu ya deni la ukumbi au ugomvi wa malipo, na wiki iliyofuata watu wanne kati ya wale sita walikuwa pamoja tena chini ya jina jingine. Kilichodumu kilikuwa jumuiya yenyewe. Bendi zilikuwa nguo zake tu. Na ndani ya jumuiya hiyo Kippie hakuwa kiongozi wa bendi, wala hakuonekana kutaka kuwa. Alikuwa mtu ambaye wengine walimtazama wajue kama walichopiga kilikuwa sawa.

Sophiatown ilikuwa na nafasi ya pekee katika habari hizi, ingawa si wanamuziki wote waliishi huko. Mtaa huo, uliopewa jina la Sophia, mke wa mwenye ardhi Hermann Tobiansky, ulikuwa mmoja wa mitaa michache ya Johannesburg ambamo Mwafrika aliweza kumiliki kiwanja kwa haki kamili. Matokeo yake ni kwamba nyumba zilikuwa za watu, vyumba vya nyuma vilipangishwa, na serikali ya jiji haikuwa na funguo. Palikuwa na sinema ya Odin, ambamo katika miaka ya 1950 wapigaji weusi na weupe walikutana siku za mapumziko kupiga jazi mbele ya watazamaji waliojua wanachosikiliza. Palikuwa pia na shebini, yaani nyumba za pombe za siri. Sheria haikumruhusu Mwafrika kununua vinywaji vikali vya Kizungu mpaka mwaka 1962, na kwa sababu hiyo kila mnywaji alikuwa mhalifu na kila sebule yenye chupa ilikuwa ukumbi wa watu waliokwisha kuvunja sheria pamoja. Waandishi wa gazeti la Drum walikaa humo, akiwemo Can Themba. Matshikiza, aliyekuwa mpiga piano, alikuwa pia mwandishi wa habari za muziki wa gazeti hilo, na Kiingereza chake kilichopindishwa kwa mdundo kilipendwa hata kikapewa jina lake. Drum lilikuwa na toleo la Afrika ya Mashariki, na kwa njia hiyo wasomaji wa Nairobi na Kampala walizijua sura za Dolly Rathebe na Miriam Makeba.

Lugha ya jumuiya hiyo ilikuwa tsotsitaal, mchanganyiko uliojengwa juu ya Kiafrikaans, ukijazwa maneno ya Kizulu, Kisotho na Kiingereza. Kwa wasomaji waliokua wakisikia Sheng ya Eastlands, hali hiyo si ngeni: lugha ya vijana wa mjini ambayo mzazi haielewi vizuri na mwalimu haitaki. Lakini kuna tofauti moja ya kuzingatia. Sheng haikusimama juu ya lugha ya mtawala. Ilisimama juu ya Kiswahili. Watoto wa Sophiatown walichukua lugha ya walewale waliowatungia sheria za vipande, wakaigeuza kinywani mpaka mwenyewe asiitambue. Hilo ndilo Kippie na wenzake walilofanya na saksafoni pia, ingawa kwa upande wa saksafoni waliyemwiga walimheshimu.

Msomaji wa Kenya hana haja ya kuelezwa kirefu maana ya kipande. Sheria ya kuandikisha wenyeji ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya vita, iliwafanya wanaume wa Kiafrika nchini kubeba karatasi zao ndani ya kikopo cha chuma shingoni. Katika Afrika ya Kusini sheria ya mwaka 1952 ilikuja na jina la kuchekesha: iliitwa sheria ya kufuta pasi, na ilichofanya ni kukusanya pasi zote katika kitabu kimoja ambacho kila Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alipaswa kuwa nacho wakati wote. Kwa mwanamuziki adha iliongezeka. Kazi yake ilikuwa ya usiku, na usiku Mwafrika hakutakiwa kuonekana katika mitaa ya weupe bila kibali maalumu. Bendi ilipokwisha kupiga katika kilabu cha mjini, wasikilizaji walipanda magari yao, na wapigaji wakaanza safari ya kurudi vitongojini wakiwa wamebeba ala ambazo askari aliweza kudai kwamba zimeibwa. Katika vilabu hivyo hawakuruhusiwa kukaa pamoja na waliokuja kuwasikiliza, walipumzika jikoni. Utungo wa Moeketsi unaojulikana kuliko tungo zake nyingine unaitwa Scullery Department, yaani idara ya kuoshea vyombo, na inasimuliwa kwamba jina hilo lilitokana na mapumziko hayo. Utungo wenyewe hauna hata chembe ya huzuni. Ni wa haraka, wenye pembe kali, na unapigwa kama mtu anayesimulia kisa cha fedheha huku akicheka.

Tarehe 9 Februari 1955 askari wapatao 2,000 waliingia Sophiatown kuanza kuhamisha watu, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1954. Kazi hiyo iliendelea kwa miaka kadhaa mpaka watu wapatao 60,000 wakawa wametawanywa, wengi wao wakipelekwa Meadowlands na sehemu nyingine za eneo lililokuja kuitwa Soweto. Mtaa wa Wazungu ukajengwa mahali pale, ukaitwa Triomf, ushindi. Jina la kale lilirudishwa mwaka 2006. Waandishi wengi husema kwamba Sophiatown ilipokufa jazi ya Johannesburg ilikufa nayo. Tarehe hazikubaliani na kauli hiyo. Kazi bora za jumuiya hii zilifanywa kati ya mwaka 1956 na 1960, wakati tingatinga zilipokuwa zikiendelea na kazi. Kilichotokea ni kwamba wanamuziki walipoteza kumbi za watu wao, na badala yake wakategemea kumbi na wafadhili wa katikati ya jiji: Bantu Men's Social Centre, na jirani yake Dorkay House, makao ya chama cha wasanii kilichojulikana kama Union Artists. Huko walipata nafasi ya kufanyia mazoezi na watu wa kuwatetea katika mambo ya malipo. Utetezi huo ulihitajika sana. Makampuni ya santuri yalilipa mkupuo mmoja kwa kila rekodi na kuchukua haki zote, na habari ya Solomon Linda, aliyetunga Mbube mwaka 1939 na kuambulia shilingi chache huku wimbo ukizunguka dunia, ilijulikana kwa kila mtu. Hata hivyo msikilizaji alibadilika. Aliyekuja Dorkay House hakuja kucheza dansi.

Kasisi Trevor Huddleston, aliyepigana na uhamisho wa Sophiatown mpaka shirika lake likamwita Uingereza mwaka 1956, alikuwa ameanzisha bendi ya vijana katika shule ya St Peter's. Mmoja wa vijana hao alikuwa Hugh Masekela, na mwingine Jonas Gwangwa. Louis Armstrong alimpelekea Masekela tarumbeta lake. Wasomaji wa upande huu wanamfahamu Huddleston kwa kazi yake ya baadaye, kwani alikuwa askofu wa Masasi kusini mwa Tanganyika kutoka 1960 hadi 1968. Vijana wake wa St Peter's walipotoka shuleni walikwenda moja kwa moja kwa Kippie. Masekela, Gwangwa na Dollar Brand wa Cape Town, ambaye baadaye alichukua jina la Abdullah Ibrahim, wote walimpita Moeketsi umri wa ujana kwa miaka kama tisa au zaidi, na wote wamemtaja kuwa mwalimu wao. Abdullah Ibrahim amesimulia kwamba Kippie ndiye aliyemwelekeza kwenye muziki wa Thelonious Monk. Alifundisha kwa ukali. Aliyekosea aliambiwa amekosea, mbele za watu ikibidi, na inaonekana kwamba maonyo hayo yalikumbukwa kuliko sifa ambazo wengine walizitoa kwa urahisi.

Mwaka 1959 ulikuwa wa mavuno. Tarehe 2 Februari mchezo wa nyimbo King Kong, uliohusu maisha ya mwanamasumbwi Ezekiel Dlamini, ulifunguliwa katika ukumbi mkubwa wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Muziki ulikuwa wa Matshikiza. Nathan Mdledle wa Manhattan Brothers na Miriam Makeba walikuwa wahusika wakuu. Na katika okestra walikuwamo Davashe, Moeketsi, Mrwebi, Masekela na Gwangwa, yaani karibu jumuiya nzima. Mwaka huohuo mpiga piano Mmarekani John Mehegan alifika Johannesburg, akarekodi pamoja na Moeketsi, Masekela na Gwangwa. Na katika miezi hiyo Dollar Brand aliunda Jazz Epistles: yeye kwenye piano, Moeketsi alto, Masekela tarumbeta, Gwangwa tromboni, Johnny Gertze besi, na Makaya Ntshoko ngoma. Mwezi Januari 1960 waliingia studio wakarekodi Jazz Epistle Verse 1, ambayo huhesabiwa kuwa santuri ndefu ya kwanza ya jazi ya kisasa iliyopigwa na Waafrika wa Afrika ya Kusini.

Santuri hiyo yafaa isikilizwe na mtu anayeshikilia kwamba jazi ya Kiafrika ya wakati huo ilikuwa ya kuiga. Ni kweli kwamba umbo ni la Kimarekani, la vikundi vya saksafoni na tarumbeta vya New York. Moeketsi mwenyewe alimwabudu Parker wala hakuficha. Lakini mtu akisikiliza mahali anapopumua atasikia tofauti. Parker hukimbia juu ya mabadiliko ya sauti kama mtu anayeruka vizingiti. Moeketsi huchukua kipande kifupi, akakirudia, akakigeuza upande, akakirudia tena, kama mwimbaji anayengoja kiitikio. Mzunguko wa marabi haupo katika piano. Umo katika mpango wa mawazo yake. Ndiyo maana wanafunzi wake waliweza baadaye kuurudia muziki wa nyumbani bila kuona aibu.

Wiki chache baadaye, tarehe 21 Machi 1960, polisi waliua watu 69 huko Sharpeville, katika maandamano ya kupinga pasi zilezile. Hali ya hatari ilitangazwa, mikusanyiko ikazuiwa, na bendi mpya iliyokuwa ikijiandaa kuzunguka nchi haikuwa na mahali pa kupiga. Mwezi Mei Masekela aliondoka. Mwaka 1961 King Kong ilipelekwa London, ikafunguliwa mwezi Februari katika ukumbi wa Prince's, na wasanii wengi waliokwenda nayo hawakurudi: Gwangwa, Mrwebi, Mdledle. Matshikiza naye alikuwa London tayari. Dollar Brand alikwenda Uswisi mwaka 1962. Mwaka 1964 Blue Notes, waliokuwa na mpuliza alto Dudu Pukwana, walikwenda kwenye tamasha la Antibes, Ufaransa, wakabaki Ulaya.

Moeketsi alikwenda London pamoja na King Kong, na akarudi. Huko aliugua, akalazwa katika hospitali ya magonjwa ya akili, akatibiwa kwa mishtuko ya umeme. Alipohojiwa na jarida la Staffrider mwaka 1981 alilizungumzia jambo hilo waziwazi. Hapa ndipo masimulizi ya kawaida yanapoingiza chupa, na haiwezekani kuliepa swali hilo. Kippie alikunywa, alikunywa sana, na alikuwa mgumu wa tabia hata kabla sheria hazijamfungia milango. Kusema kwamba ubaguzi wa rangi ulimfanya mlevi ni rahisi mno, kwa maana Davashe, Piliso na wengine waliishi chini ya sheria zizo hizo wakaendelea na kazi yao. Lakini swali lenyewe limeulizwa vibaya. Mpuliza saksafoni wa aina ya Moeketsi hakuwa na muziki wa peke yake. Kilichokuwa chake kilihitaji mtu wa pili wa kumjibu na mtu wa tatu wa kumkasirikia. Kati ya 1960 na 1964 karibu kila mtu aliyeweza kumjibu alipanda ndege. Waliobaki walikuwa wazuri, na mwaka 1963 alipiga katika bendi kubwa iliyokusanywa na Chris McGregor, pamoja na Pukwana; mwaka uliofuata hao nao walikuwa wamekwenda.

Kuna sababu nyingine, inayowahusu wataalamu wa lugha moja kwa moja. Katika miaka ya 1960 shirika la utangazaji la serikali liliunda Radio Bantu, lenye idhaa mbalimbali, kila lugha na idhaa yake. Nia ya siasa hiyo ilikuwa wazi: Mzulu asikilize Kizulu, Mtswana asikilize Kitswana, na kila mmoja aamini kwamba nchi yake iko kwingine, si Johannesburg. Wimbo uliochanganya lugha, au uliotumia maneno ya mtaani, haukupata idhini. Jazi ilipata hasara ya pekee katika mpango huo. Haikuwa na maneno, kwa hiyo haikuwa na kabila. Na kitu kisichokuwa na kabila hakikuwa na idhaa. Ukilinganisha na Redio Tanzania Dar es Salaam ya wakati huohuo, iliyorekodi bendi za dansi katika studio yake na kuzipeleka nchi nzima kwa lugha moja, utaona kwamba sera ya lugha yaweza kuzika muziki au kuukuza pasipo kuutaja muziki hata mara moja.

Mfano wa kale zaidi unaonyesha kwamba soko la nje nalo halikuwa na huruma. Davashe alitunga wimbo wa Lakutshon' Ilanga, yaani jua linapokuchwa, unaosimulia mtu anayemtafuta mpenzi wake aliyepotea, akipita nyumba hadi nyumba, hospitalini na magerezani. Katika jiji la vipande hilo halikuwa jambo la mahaba peke yake. Ndivyo watu walivyotafutana kweli. Mwaka 1956 kampuni ilipotaka wimbo huo kwa soko la Marekani, Makeba aliuimba kwa Kiingereza akiwa na Manhattan Brothers, ukiwa na maneno mapya kuhusu mpenzi mwenye uongo mtamu. Gereza liliondolewa. Makeba alipokuja kuimba Malaika yetu katika santuri aliyoitoa pamoja na Harry Belafonte mwaka 1965, Kiswahili kilibaki mahali pake. Pengine alikuwa amejifunza kitu.

Baada ya mwaka 1964 Moeketsi alinyamaza kwa muda mrefu. Matshikiza alifariki Lusaka mwaka 1968, na Davashe mwaka 1972. Mnamo mwaka 1973, Dollar Brand aliporudi nyumbani kwa muda, walirekodi pamoja tena, kwa msaada wa Rashid Vally, mwenye duka la santuri la Kohinoor, ambaye alianzisha chapa ya The Sun kwa sababu makampuni makubwa hayakuona faida. Mwaka uliofuata chapa hiyo ilitoa Mannenberg, iliyopigwa Cape Town, Basil Coetzee akipuliza tenori juu ya mzunguko wa marabi uliokuwa umedharauliwa miaka hamsini. Santuri hiyo iliuzwa kama mkate. Mwaka 1975 Coetzee na Moeketsi walisimama pamoja katika Tshona!, wakiwa na mpiga piano Pat Matshikiza. Alto ya Kippie humo si ya mwaka 1960. Haikimbii tena. Inachagua sauti chache na kuziacha zikae, na mahali fulani mtu anasikia pumzi ikikatika kabla ya mwisho wa sentensi. Lakini swali analouliza linajibiwa na tenori ya Coetzee, na hilo halikuwa limetokea kwa zaidi ya miaka kumi.

Alifariki tarehe 27 Aprili 1983, akiwa hana mali. Miaka minne baadaye kilabu cha jazi kilichoitwa Kippies kilifunguliwa mtaa wa Newtown, Johannesburg, katika jengo lililoigwa kutoka choo cha umma cha zama za Edward, na Masekela na Makeba waliporudi kutoka uhamishoni mwaka 1990 lilikuwa moja la majina ya kwanza waliyoyakuta mjini. Kilabu hicho kilikwisha kufungwa, na nje yake pakawekwa sanamu ya shaba ya mpuliza saksafoni. Anayetaka kuzitafuta santuri zenyewe katika maktaba atapata taabu ndogo, na ni vyema aonywe mapema: familia iliandika Moeketsi, lakini makasha ya miaka ya 1970 yameandikwa Moketsi, na orodha nyingi hazijui kwamba hao ni mtu mmoja.